Emalsifaya ya sukari kwenye krimu ya ngozi: nimeitumia kaskazi na kipupwe, haya ndiyo maoni yangu

Nianze na hukumu, ili mwenye haraka aondoke na jibu lake. Kwa krimu ya uso na ya mwili ya kupaka kila siku hapa Pwani, emalsifaya (kiungo kinachoshikanisha maji na mafuta) iliyotokana na sukari ndiyo ninayoinunua kila mfuko ukiisha. Nasema hivyo nikijua kwamba bei yake inakaribia mara mbili ya ile nta nyeupe ya kuchanganyia tuliyoizoea, na nikijua zipo kazi ambazo haiziwezi. Nitazitaja zote.

Mimi ni mtengenezaji mdogo, natengenezea nyumbani Tabata, Dar es Salaam. Wateja wangu ni majirani, akina mama wenye watoto wachanga, wauguzi wanaonawa mikono kutwa nzima, na mama mmoja anayekaanga samaki jioni ambaye mikono yake ndiyo mtihani wangu wa kweli. Krimu ikimridhisha yeye, najua nimefika. Simuuzii mtu kitu cha kung'arisha ngozi, na anayeniuliza habari za mkorogo namwambia aende salama. Ninachouza ni krimu inayoondoa mpauko na kuiacha ngozi na unyevu wake. Kwa kazi hiyo, emalsifaya ndiyo roho ya kopo zima.

Kwa aliye mgeni katika mambo haya: maji na mafuta ukiyakoroga yanachanganyika kwa dakika moja, kisha kila mmoja anarudi kwake. Emalsifaya ina pande mbili, upande mmoja unapenda maji na mwingine unapenda mafuta. Inakaa mpakani, inavizunguka vitone vya mafuta, na kuvizuia visikutane tena. Katika aina ninayoizungumzia leo, upande unaopenda maji ni sukari. Inaweza kuwa glukosi inayotolewa kwenye wanga wa mahindi au ngano, inaweza kuwa sukrosi, ile ile ya kwenye kikombe cha chai, au sorbitoli ambayo hutengenezwa kutokana na glukosi. Upande unaopenda mafuta ni mnyororo uliotoka kwenye mafuta ya nazi au mawese. Wawili hao wakishaungana, kinachopatikana si sukari tena. Hakina utamu, hakinati vidoleni, na sijawahi kuona sisimizi kwenye kopo langu. Nalisema hilo kwa sababu naulizwa sana. Mzee mmoja mwenye kisukari aliniuliza kwa wasiwasi kabisa kama krimu yangu itampandishia sukari, na ni swali la haki. Haipandishi. Kiasi chenyewe ni kidogo, kinakaa juu ya ngozi, na hakiingii kwenye damu kama chakula.

Kuunganisha glukosi na alkoholi si jambo jipya. Emil Fischer, mwanakemia wa Ujerumani, alieleza namna ya kufanya hivyo mwaka 1893. Kilichochelewa ni viwanda kuweza kuitengeneza kwa bei ambayo mtu wa vipodozi anaweza kulipa.

Sasa tuje kwenye bidhaa yenyewe. Ninayoitumia zaidi huandikwa kwenye lebo Cetearyl Alcohol, Cetearyl Glucoside. Inayojulikana sana kati ya hizo ni Montanov 68 ya kampuni ya Seppic ya Ufaransa, ingawa wapo watengenezaji wengine wenye mchanganyiko wa namna hiyo hiyo. Hapa nahukumu mchanganyiko wenyewe, sihukumu nembo. Sehemu kubwa ya mfuko ni hiyo alkoholi ya mafuta, na glukosidi, yaani ile glukosi iliyoungana na mnyororo wa mafuta, ni sehemu ndogo inayofanya kazi kubwa. Wateja wangu Waislamu wakiona neno Alcohol kwenye lebo wanashtuka, na nawaeleza kila mara: hii ni nta ngumu, nyeupe, inayotokana na mafuta ya mimea. Haileweshi, haina harufu ya spiriti, wala haikaushi ngozi kama spiriti inavyokausha. Wengi wakiishika mkononi wanaridhika.

Kwa macho ni punje ndogo nyeupe zinazoelekea rangi ya maziwa, kavu, zenye harufu hafifu ya mshumaa ambayo haibaki kwenye krimu. Kwenye maji baridi haifanyi lolote, inaelea tu. Inataka joto.

Nitaeleza ninavyotengeneza, maana ubora wake unaonekana jikoni kabla haujaonekana kwenye ngozi. Kwa gramu 100 za krimu napima maji yaliyotoneshwa gramu 69.8, glisarini gramu 4, na gamu ya zanthani (unga wa kufanya maji yawe mazito) gramu 0.2 ambayo nailoweka kwanza ndani ya glisarini ili isifanye madonge. Hilo ndilo bakuli la maji. Bakuli la mafuta lina mafuta ya alizeti gramu 12, siagi ya shea gramu 5, mafuta ya nazi gramu 3, na emalsifaya gramu 5. Gramu 1 ya mwisho ni kihifadhi, nayo inangoja hadi krimu ipoe. Alizeti naichukua ya Singida iliyochujwa vizuri, shea ni ile laini ya kaskazini mwa Uganda ambayo ukiigusa tu inaanza kuyeyuka, na nazi ni ya Tanga au Pemba, inategemea nimeipata ipi.

Mabakuli yote mawili nayaweka juu ya maji yanayochemka taratibu mpaka kipimajoto kisome nyuzi 75 kila upande. Hapo usifanye haraka. Punje zikiwa hazijayeyuka zote, krimu itatoka na chembechembe zinazokwaruza, na hakuna kuzirekebisha mpaka upashe moto upya. Namimina mafuta ndani ya maji na kuwasha blenda ya mkono, kichwa chake kikiwa kimezama kabisa ili kisivute hewa. Rangi inageuka papo hapo, kutoka maji ya njano hadi maziwa meupe. Nablendi dakika mbili tatu, napumzika, nablendi tena. Emalsifaya hii inataka kupigwa kwa nguvu ikiwa bado ya moto, kwa sababu vitone vikubwa vya mafuta vikibaki, havitapungua vyenyewe baadaye.

Kuanzia hapo ndipo inapotofautiana na nta ya kawaida. Nta ya kawaida huanza kuwa nzito mapema, na kabla bakuli halijapoa unajua krimu yako itakuwaje. Hii ya sukari inabaki nyepesi kwa muda mrefu. Ikiwa kwenye nyuzi 45 bado inamiminika kama losheni ya mtoto, na mtu asiyeijua ataongeza nta akidhani amekosea vipimo. Usiongeze. Koroga taratibu kwa mwiko wa silikoni, tia kihifadhi ikishuka chini ya nyuzi 40, funika kwa kitambaa safi, kalale. Asubuhi utakuta krimu inayosimama, yenye mng'ao wa hariri, na itaendelea kukaza siku moja au mbili zaidi. Nimejifunza kutojaza makopo siku ile ile, nangoja itulie kwanza ndipo nijue uzito wake halisi.

Kwa nini inakaza polepole hivyo? Kwa sababu ndani yake kuna mpangilio unaojengeka inapopoa. Glukosidi na alkoholi ya mafuta hujipanga pamoja na maji na kufanya matabaka membamba yanayoviringisha vile vitone, tabaka juu ya tabaka, mfano wa chapati ya kusukuma iliyokunjwa vizuri ukaichana na kuona kurasa zake. Wanakemia wanauita mpangilio huo fuwele kimiminika. Tabaka la juu la ngozi yetu nalo limepangwa kwa namna inayokaribiana na hiyo, seramidi (aina ya mafuta ya ngozi yenyewe), kolesteroli na asidi za mafuta zikiwa zimelazwa katika matabaka kati ya seli zilizokufa. Maji yaliyofungiwa katikati ya matabaka hayo hayakauki upesi. Krimu inapopakwa, sehemu ya maji huruka mara moja, na sehemu nyingine hubaki imeshikwa na kutoka polepole. Ndiyo maana ninaipenda.

Kwenye ngozi, tofauti anaihisi hata asiyejua lolote kuhusu emalsifaya. Shangazi yangu wa Pangani nilimpelekea makopo mawili yasiyo na lebo, mafuta ni yale yale, kihifadhi ni kile kile, moja la nta ya kawaida na moja la glukosidi. Nilimwamkia, nikampa, sikumwambia kitu. Baadaye alinipigia simu akasema, "Mwanangu, hili lenye mfuniko mweupe hainati. Nikishika mtandio hauchafuki. Lile lingine nikijipaka najiona nimevikwa." Lenye mfuniko mweupe ndilo la sukari. Yeye havutiwi na mambo ya fuwele, ila ameeleza kwa usahihi kuliko maandishi mengi niliyoyasoma: inapita, inatulia, na baada ya dakika chache unabaki na ngozi yako na si tabaka la kitu kingine.

Hilo lina uzito mkubwa hapa kuliko kwenye nchi za baridi. Miezi ya kaskazi, Januari hadi Machi, mtu anatoka jasho akiwa amekaa tu. Krimu nzito ikichanganyika na jasho inateleza, inaingia machoni, inaacha alama kwenye kola ya shati, na mwenye ngozi ya mafuta anaamka na chunusi kwenye paji la uso. Watu wengi wanaacha kabisa kupaka kitu uso wakati wa joto kwa sababu hiyo, halafu wanashangaa mbona ngozi imekakamaa chini ya jasho. Krimu ya glukosidi yenye mafuta asilimia 12 hadi 15 tu nimeweza kuwauzia watu hao wakarudi.

Na joto la kopo lenyewe? Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 au 25 hivi. Kwa hiyo Dar es Salaam yako katika hali ya maji karibu mwaka mzima, na Njombe mwezi wa saba yanaganda kama mawe. Siagi ya mwili iliyotengenezwa kwa mafuta matupu inahangaika na hilo: huku inamwagika kwenye mkoba, kule inatolewa kwa kijiko. Krimu yenye emalsifaya hii haitegemei ugumu wa mafuta. Kinachoisimamisha ni ile alkoholi ya mafuta, ambayo kuyeyuka kwake ni karibu nyuzi 50, pamoja na yale matabaka. Nimetuma makopo kwa basi mpaka Mbeya na mengine yakakaa kwenye duka la bati huko Mkuranga, na yote yalifika na kukaa bila kujitenga. Sisemi ulianike kopo juani. Nasema halina homa ya kila msimu.

Kitu kingine kinachonifanya niing'ang'anie ni uvumilivu wake wa pH, yaani kipimo cha uchachu. Ngozi inapenda kitu chenye uchachu kidogo, pH ya karibu 5. Nami natumia mara nyingi kihifadhi cha sodiamu benzoeti na potasiamu sobeti, ambavyo havina nguvu ya maana kama krimu haina uchachu wa kutosha. Kwa hiyo nashusha pH kwa matone ya maji ya asidi ya sitriki hadi karatasi isome 5 au chini kidogo. Emalsifaya zenye asili ya sabuni, zile za sodiamu stearati, hapo hapo zinavunjika na mafuta yanaelea. Glukosidi haina chaji ya umeme, kwa hiyo uchachu hauishughulishi. Nimeiwekea maji ya shubiri, nimeiwekea yurea kwa ajili ya magaga ya miguu, ikatulia.

Sasa kasoro.

Ya kwanza ni weupe. Ukiipaka na kusugua, kwa sekunde kadhaa unaona mistari myeupe ya povu kwenye ngozi kabla haijaingia. Kwenye ngozi nyeusi inaonekana zaidi, na mteja anayejaribu dukani anaweza kudhani umempa kitu cha kupaka rangi. Chanzo ni alkoholi ya mafuta, na kiasi kikizidi, weupe unazidi. Dawa yake ni kupunguza emalsifaya hadi asilimia 3 au 4 na kuiachia gamu ya zanthani kazi ya kushikilia, au kutumia mafuta mepesi yanayotambaa upesi kwenye ngozi. Wengine huweka silikoni kidogo na weupe unapungua sana. Mimi nimechagua njia ya kwanza kwa krimu ya uso, na kwa ya mwili nawaambia wateja wapake kidogo kidogo ngozi ikiwa bado na unyevu wa kuoga.

Ya pili, haibebi mafuta mengi bila msaada. Ukipandisha mafuta kupita asilimia 30 na kuitegemea peke yake kwa vipimo vidogo, baada ya wiki kadhaa utaona mng'ao wa mafuta juu ya kopo. Kwa krimu nzito ya visigino naishirikisha na emalsifaya nyingine. Na kwa kiyoyozi cha nywele usihangaike nayo. Nywele zinataka kitu chenye chaji chanya kinachoshika kwenye unywele na kulainisha vifundo. Glukosidi haina chaji hiyo, utapoteza hela.

Bado lipo la tatu, ambalo si kosa la bidhaa, ni kosa la maneno yanayoizunguka. Wauzaji wanaitangaza kwamba "haina kemikali" eti kwa kuwa imetokana na sukari, na kwamba nta ya kawaida ni sumu. Maneno hayo yananikera kwa sababu wateja wanaamini. Nta ya kawaida mara nyingi ni alkoholi ya mafuta ile ile pamoja na polisobeti 60. Na polisobeti yenyewe inaanzia wapi? Kwenye sorbitoli, yaani kwenye sukari. Sorbitoli hugeuzwa sorbitani, huungwa na asidi ya mafuta, kisha huongezewa minyororo ya oksidi ya ethilini ili ipende maji zaidi. Tofauti ya haki ni hiyo hatua ya mwisho. Hatua hiyo inaweza kuacha masalia madogo ya kitu kinachoitwa dayoksani 1,4, ambacho kiwanda makini hukiondoa. Glukosidi haipitii hatua hiyo. Anayetaka kuikwepa ana sababu yake, na mimi ni mmoja wao. Lakini kumwambia mama wa watu kwamba losheni aliyopaka miaka yote ni sumu, hiyo ni kumtisha ili anunue.

Na asili ya sukari haimaanishi kila ngozi itaikubali. Jumuiya ya Marekani ya madaktari wa mzio wa kugusa iliitaja familia ya glukosidi kuwa mzio wa mwaka 2017. Wanaolalamikiwa zaidi ni ndugu zake wa kwenye sabuni za maji na shampuu, wanaoandikwa Decyl Glucoside na Lauryl Glucoside. Hiyo ya kwanza hujificha hata ndani ya baadhi ya krimu za kuzuia jua, kwa sababu hutumika kushikilia mojawapo ya vichujio vya mionzi. Mtu aliyewahi kuwashwa na sabuni za namna hiyo namwomba ajaribu krimu yangu kidogo kwenye kiwiko kwa ndani, asubiri siku mbili. Wanaopata shida ni wachache, ila wapo, na kopo langu linawataja.

Niseme pia juu ya ndugu wengine wawili wa sukari niliowanunua, kwa ufupi kwa huyu wa kwanza. Ni unga mweupe unaoandikwa Sucrose Stearate. Hapa ni sukrosi iliyoungwa na asidi ya mafuta, familia ile ile inayotumika kwenye vyakula kwa namba E 473, na wajapani wa Mitsubishi wanaitengeneza kwa jina la Ryoto. Inatoa maziwa mepesi sana ya kunyunyizia, ngozi inabaki laini na hakuna ule weupe. Lakini inasumbua. Inatoa povu wakati wa kublendi, ikichemshwa muda mrefu inabadilika rangi, na kifungo chake huvunjika polepole pH ikienda chini sana au juu sana. Bila gamu na bila nta kidogo ya kuisaidia, maziwa yangu yaligawanyika chupani. Mwenye uvumilivu atapata losheni nzuri ya watu wa ngozi ya mafuta. Kwangu iko kabatini.

Wa pili amenifurahisha mno. Ni Sucrose Laurate ikiwa imeyeyushwa kwenye glisarini na maji kidogo. Hii haitaki moto. Unaweka kijiko chake kwenye bakuli, unaanza kudondoshea mafuta ya alizeti au ya ufuta tone kwa tone huku ukikoroga kwa mkono. Mwanzoni inaonekana haiendi popote. Kisha inaanza kukaza, inakuwa jeli inayopitisha mwanga, nzito kama asali iliyokaa, na unaweza kuendelea kumimina mafuta mpaka robo tatu ya bakuli nzima na zaidi yawe mafuta. Ukifanya haraka inakatika na kurudi kuwa mafuta matupu, basi unaanza upya na kijiko kingine, ile iliyokatika unaidondoshea humo taratibu. Unapaka jeli hiyo usoni pakavu, unasugua juu ya wanja, rangi ya midomo na krimu ya jua, vyote vinalegea. Halafu unalowesha vidole, unasugua tena, na jeli inageuka maziwa usoni mwako na kuondoka na maji. Hakuna mabaki ya mafuta, hakuna ule mkazo wa baada ya sabuni. Bibi harusi mmoja aliniambia ndicho kitu pekee kilichotoa wanja wake wa maharusi bila kumwacha macho mekundu. Sharti lake ni moja: usichovye kidole chenye maji ndani ya kopo. Maji yakiingia, maziwa yanaanza humo humo, na pia unakaribisha ukungu. Kwa hiyo naiweka kwenye mrija wa kubinya.

Kwa wanaotaka kununua, angalieni mnapewa nini. Kuna duka liliwahi kuniuzia mfuko wa plastiki usio na kitu zaidi ya karatasi iliyoandikwa "emalsifaya ya asili". Hakuna jina la kiambato, hakuna namba ya toleo, hakuna tarehe ya kwisha. Nilipouliza, nikajibiwa kwamba zote ni zile zile. Si zile zile. Ipo iliyotokana na zeituni na sorbitani, ipo ya glukosi, ipo ya glisarini, na kila moja ina vipimo vyake na hasira zake. Siku hizi nadai jina kamili kama linavyoandikwa kwenye lebo za kimataifa, pamoja na cheti cha uchambuzi cha toleo husika. Muuzaji anayejua kazi yake anakutumia kwa simu ndani ya saa. Tena utakihitaji, kwa sababu tangu 2019 vipodozi Tanzania viko mikononi mwa TBS, shirika la viwango, na ukienda kusajili krimu yako utatakiwa kueleza kila kilichomo.

Ukiipata, ihifadhi kwenye chombo kinachofunga vizuri, mbali na mvuke wa jiko. Unyevu wa Dar unafanya punje zishikane, hasa ile ya unga wa sukrosi.

Na kuhusu bei, maana najua ndiyo inayowarudisha nyuma wenzangu wengi: piga hesabu kwa kopo, usipige kwa kilo. Kopo la gramu 100 linachukua gramu 5 tu za emalsifaya, na la uso gramu 3 au 4. Ukilipa mara mbili kwa gramu hizo, nyongeza yake kwenye kopo moja ni ndogo kuliko bei ya kopo lenyewe tupu na mfuniko wake. Shea ndiyo inayokula hela, na vifungashio. Mimi nilipobadilisha sikupandisha bei kwa mteja, nilipunguza shea kutoka gramu 8 hadi 5, na hakuna aliyelalamika. Mama wa samaki aliongeza kopo la pili, la mtoto wake wa kike anayesoma bweni.